Jibini Hii Imekosa Nini?

Miaka kadhaa iliyopita niliandaa bakuli la jibini changa, ile nyeupe na laini isiyo na ganda, nikaichanganya na vipande vya nanasi lililoiva vizuri, nikaifunika na kuiweka kwenye jokofu usiku kucha ili wageni wangu wa asubuhi waikute imepoa. Nilipofunua bakuli kulipokucha, nilikuta jibini imelegea na kutoa maji, na kijiko cha kwanza nilichoonja kilikuwa kichungu, uchungu ule unaong'ang'ania nyuma ya ulimi hata baada ya kunywa maji. Nilidhani jibini ilikuwa imeharibika tangu dukani. Nikanunua nyingine, nikarudia kazi ile ile kwa uangalifu zaidi, na matokeo yakawa yale yale. Wageni nikawapa mkate na mayai, lakini swali la bakuli lile sikuliacha, kwa sababu sikuweza kuelewa ni vipi vitu viwili vizuri, kila kimoja kwa upande wake, vingeweza kukutana na kuzaa kitu kibaya namna ile.

Jibu nililipata baadaye, nalo ni la kikemia. Nanasi ambalo halijapikwa lina vimeng'enya vinavyoitwa bromelini, ambavyo kazi yake ni kukata protini. Jibini nayo, ukiitazama kwa undani, ni wavu wa protini ya maziwa iitwayo kaseini, uliogandishwa ukashikilia mafuta na maji ndani yake. Bromelini ikipewa muda huukata wavu huo vipande vidogo vidogo. Maji yaliyokuwa yameshikiliwa hutoka, na baadhi ya vipande vya protini vinavyobaki vina ladha chungu. Nanasi si peke yake katika tabia hii, kwa maana papai lina papaini, kiwi ina aktinidini, na tini mbichi ina fisini, ambayo ina nguvu kiasi kwamba watu wa nchi za Mediterania waliwahi kutumia utomvu wa mtini kugandishia maziwa. Matunda haya yanaweza kuliwa na jibini bila taabu yoyote ikiwa yanakutana nayo sahanini na kuliwa papo hapo, kwa sababu kazi ya vimeng'enya inataka muda. Vilevile nanasi la kopo halina tatizo hilo, kwani joto la kulihifadhi limekwisha kuvinyang'anya vimeng'enya nguvu yake.

Tangu wakati huo nimekuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto naandika jina la jibini na kitu nilichokula nayo. Ukurasa wa kulia naandika kilichopungua. Kabla ya daftari hilo nilikuwa nikifuata orodha za watu wengine, zile zinazosema kwamba jibini fulani na tunda fulani ni chanda na pete, bila kueleza sababu. Orodha ya namna hiyo hukusaidia mpaka siku unapokosa kitu kimoja kilichotajwa, na siku hiyo hujui la kufanya. Kurasa za kulia zilipoanza kujaa, niliona kwamba nilikuwa nikiandika maneno yale yale machache kwa kurudiarudia: utamu, uchachu, maji, kitu cha kutafuna. Nikaacha kuuliza jibini inapenda nini, nikaanza kuuliza imekosa nini.

Swali hilo lina msingi katika namna jibini inavyotengenezwa. Maziwa yana sukari yake ya asili, laktosi, lakini yanapogandishwa na kuchujwa, sehemu kubwa ya sukari hiyo huondoka pamoja na yale maji ya rangi ya kimanjano, na kiasi kidogo kinachobaki huliwa na bakteria ambao hukigeuza kuwa asidi ya laktiki. Halafu huongezwa chumvi, na muda unavyopita maji hupungua, kwa hiyo mafuta, protini na chumvi huzidi kukolea. Jibini, basi, ni maziwa yaliyonyang'anywa utamu na maji. Tunda ni kinyume chake karibu kwa kila kipimo: lina sukari, lina maji, lina asidi, halina chumvi wala mafuta ya kutaja (ukiondoa zeituni na parachichi). Mafuta ya jibini hutanda juu ya ulimi, na asidi ya tunda huamsha mate yanayoyaosha. Chumvi ya jibini hupunguza uchungu uliojificha ndani ya tunda na kuufanya utamu wake usikike zaidi. Vitu hivi viwili havikuoanishwa na desturi tu.

Jozi iliyonifundisha haya yote kwa tonge moja ni feta na tikiti maji. Feta ni jibini ya Ugiriki, na tangu mwaka 2002 jina hilo limelindwa katika Umoja wa Ulaya kwa jibini iliyotengenezwa katika maeneo maalumu ya nchi hiyo kwa maziwa ya kondoo, au ya kondoo yaliyochanganywa na ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30. Hukomaa ndani ya maji ya chumvi, nayo hubeba chumvi hiyo mpaka mezani. Tikiti maji kwa upande wake ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, lina utamu mwepesi, na halina uchachu wa kutosha kujitetea. Likiliwa peke yake hupendeza kwa vipande vitatu vya kwanza, kisha huanza kuchosha. Ukiweka kipande cha feta juu yake, chumvi huuinua ule utamu hafifu, maji ya tunda huipunguzia feta ukali wake, na mdomo haufiki mahali pa kuchoka. Mimi huongeza majani ya nanaa yaliyochanwa kwa mkono na matone machache ya mafuta ya zeituni, basi. Nimejaribu kuongeza asali nikajuta, kwa sababu utamu wa asali ni mzito na huufunika ule wa tikiti, ambao ndio uliokuwa ukitafutwa. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba saladi hii haisubiri: chumvi huvuta maji kutoka kwenye tunda, na baada ya nusu saa bakuli huwa na dimbwi la rangi ya waridi lililoifanya feta kuwa uji.

Jibini nyingine changa hazina chumvi nyingi kiasi hicho, kwa hiyo huitikia vitu tofauti. Ricotta, inayotengenezwa kwa kuyapasha moto tena maji yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine mpaka protini iliyosalia ijitenge, ina utamu wake mdogo na karibu haina sauti. Huhitaji kitu cha kuisemea, na asali pamoja na maganda ya limau yaliyokunwa hufanya hivyo bila kuizidi nguvu. Mozzarella ya maziwa ya nyati kutoka Campania, kusini mwa Italia, imejaa maji ya maziwa, kwa hiyo sioni faida ya kuipa tunda lenye maji mengi zaidi kama si lenye uchachu. Nyanya, ambayo kwa mtaalamu wa mimea ni tunda halisi, huipa uchachu huo, na mrehani huipa harufu ambayo haina. Pichi iliyoiva hufanya kazi ile ile, tena kwa utamu zaidi.

Jibini ya mbuzi inastahili kutazamwa peke yake. Weupe wake unatokana na mnyama mwenyewe, kwani mbuzi hugeuza karotini ya majani kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye maziwa, wakati ng'ombe huiacha nyingi ipite na kuyapa mafuta yake rangi ya manjano. Ile ladha ambayo wengine huiita ya beberu inatokana na asidi tatu za mafuta, kaproiki, kapriliki na kapriki, ambazo zote zimepewa majina kutokana na neno la Kilatini la mbuzi. Ikiwa changa, jibini hii ni chachu na kavu kidogo mdomoni, hushikamana na kaakaa kama chaki. Imekosa utamu na imekosa unyevu, lakini uchachu inao tayari, kwa hiyo kuipa chungwa au nanasi ni kuirundikia kitu ilichonacho. Asali inaifaa sana. Kiazisukari chekundu kilichookwa mpaka utamu wake ukajikusanya kinaifaa zaidi ya asali, kwa maoni yangu, kwa sababu ile harufu yake ya udongo hukutana na harufu ya mbuzi na zote mbili hupungua ukali. Tini mbichi iliyopasuliwa muda ule ule wa kula nayo ni chaguo ambalo sijawahi kuliandikia chochote kwenye ukurasa wa kulia.

Brie na Camembert, zile zenye ganda jeupe la ukungu lililo laini kama mahameli, hukomaa kuanzia nje kwenda ndani. Ukungu huo, ambao wataalamu huuita Penicillium camemberti, hulainisha jibini kadiri siku zinavyopita mpaka katikati yake inakuwa kama krimu, na ukiiacha mno huanza kutoa harufu ya amonia. Ladha yake ni ya siagi na uyoga. Watu wengi huipa zabibu mbichi, na hapa natofautiana nao: zabibu za mezani, zile kubwa zisizo na mbegu, zina maji na sukari lakini hazina harufu ya kutosha, na ukizila na Brie unabaki na hisia kwamba umekula vitu viwili vilivyokaa jirani bila kusalimiana. Tufaha chachu la kijani lililokatwa vipande vyembamba hufanya mengi zaidi, kwa sababu lina asidi ya kuosha siagi ile na lina ugumu wa kuvunjika menoni, kitu ambacho jibini hii imekikosa kabisa. Stroberi pia hufaa, alimradi ziwe na harufu; stroberi isiyo na harufu haifai kwa jibini wala kwa kitu kingine. Ganda, nijibu swali ninaloulizwa mara nyingi, huliwa. Asiyelipenda aliache, lakini akilikwangua kabla ya kuonja atakuwa ametupa ile ladha ya uyoga.

Sasa nifike kwenye jibini ngumu, ambako nimejaza kurasa nyingi kuliko kwingine. Waitaliano wana methali isemayo kwamba mkulima asiambiwe jinsi jibini inavyopendeza na pea. Ni methali ya mabwana, ya watu waliohofia kwamba yule anayekamua maziwa na kuchuma matunda akijua siri hiyo atakula vyote viwili mwenyewe. Nimeila jozi hiyo mara nyingi nikiifikiria methali hiyo, na siku zote nimeona kwamba mkulima lazima alijua kabla yao. Pea, tunda lile la jamii ya tufaha lenye shingo nyembamba na tumbo pana, lina utamu mwingi na uchachu mdogo, na nyama yake ina chembechembe ngumu zinazosikika menoni kama mchanga laini. Parmigiano Reggiano, inayokomazwa kwa muda usiopungua miezi 12 na mara nyingi 24 au 36, nayo ina chembe zake nyeupe ambazo wengi hudhani ni chumvi, kumbe ni fuwele za tirosini, mojawapo ya asidi za amino zinazoachwa huru protini inapovunjika taratibu. Katika kuvunjika huko huko ndiko unakotoka ule utamu wa nyama unaojaza mdomo, ambao ni kazi ya glutameti. Gurudumu moja la jibini hii lina uzito wa takriban kilo 40 na hutumia karibu lita 500 za maziwa, na ukilifikiria hilo unaelewa kwa nini kipande kidogo cha ukubwa wa kidole kinatosha kushindana na nusu ya pea. Unyevu unatoka kwa tunda, chumvi na kina vinatoka kwa jibini, na chembe za hiki na kile hujibizana.

Katika eneo lile lile la Italia inakotoka Parmigiano, huko Modena, hutengenezwa siki ya balsamiki ya jadi ambayo hukaa katika mapipa ya mbao kwa miaka isiyopungua 12, ikawa nzito na tamu kama asali iliyotiwa uchachu. Tone moja au mawili juu ya kipande cha Parmigiano huleta utamu na asidi kwa pamoja, yaani hufanya kazi ya tunda lote. Siki ya kawaida ya balsamiki haina uzito huo, lakini ukiichemsha kwa moto mdogo mpaka ipungue nusu, utakaribia.

Jibini ngumu za kondoo zina mahitaji yake. Maziwa ya kondoo yana mafuta ya kama asilimia 7, wakati ya ng'ombe ni kama asilimia 4, na utajiri huo husikika: ukikiacha kipande cha Manchego mahali penye joto hutoa jasho la mafuta. Manchego hutoka La Mancha nchini Hispania, hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo wa aina ya Manchega pekee, na huweza kukomazwa kuanzia siku 30 mpaka miaka 2. Wahispania huila na kwinsi, tunda ambalo likiwa bichi ni gumu na kakasi kiasi cha kukausha mdomo, lakini likipikwa kwa muda mrefu na sukari hugeuka rangi kutoka manjano hadi wekundu wa matofali, na pektini yake nyingi huligandisha likaweza kukatwa kwa kisu. Unakata pande la jibini na pande la kwinsi vya unene unaolingana, unaviweka kimoja juu ya kingine. Unene huo una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kwinsi nene huigeuza jibini kuwa peremende. Mantiki hiyo hiyo ilivuka bahari: Brazili huila jibini changa ya Minas pamoja na mapera yaliyopikwa na sukari mpaka yakawa magumu, na jozi hiyo huitwa Romeu e Julieta, kwa majina ya wale wapenzi wawili. Wabaske nao, katika milima ya Pirenei inayotenganisha Ufaransa na Hispania, huipa jibini yao ya kondoo jemu ya cheri nyeusi. Nchi tatu, matunda matatu, na kila mahali tunda limepikwa na kukolezwa, kwa sababu tunda bichi lenye maji halina uzito wa kusimama mbele ya mafuta mengi kiasi hicho.

Kuhusu Cheddar, jibini ngumu yenye asili ya Uingereza, na tufaha sina mengi ya kuongeza, maana jozi hii inajieleza. Asidi ya maliki ya tufaha hukata mafuta, na utamu wake husimama pembeni ya ule ukali wa Cheddar iliyokomaa. Jimbo la Vermont nchini Marekani liliichukulia kwa uzito kiasi kwamba sheria ya mwaka 1999, iliyoifanya pai ya matufaha kuwa pai rasmi ya jimbo hilo, inamtaka anayeiandaa ajitahidi kwa nia njema kuitoa pamoja na glasi ya maziwa baridi, au kipande cha Cheddar chenye uzito usiopungua nusu aunsi, yaani kama gramu 14, au kijiko kikubwa cha aiskrimu ya vanila. Kati ya hivyo vitatu mimi nachagua jibini bila kusita, nayo iwekwe kando ya pai yenye moto ili ilainike pembezoni bila kuyeyuka.

Jibini yenye mishipa ya buluu ndiyo inayowaogopesha watu wengi, na ndiyo inayolipa zaidi ikipata mwenzake. Roquefort, kutoka kusini mwa Ufaransa, hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo na kukomazwa katika mapango ya Combalou, katika kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon; mwaka 1925 ilikuwa jibini ya kwanza ya Ufaransa kulindwa jina lake kwa sheria. Ukungu wake, Penicillium roqueforti, unahitaji hewa ili ukue, kwa hiyo jibini hutobolewa kwa sindano ndefu, na mishipa ya buluu hufuata njia za hewa hiyo. Ukungu huo huyavunja mafuta na kuzalisha ketoni zenye harufu kali inayopanda mpaka puani, na juu ya hayo kuna chumvi nyingi na uchungu kidogo. Hapa utamu hafifu haufui dafu. Nimewahi kujaribu stroberi, pichi na tikiti, na mara zote tunda lilipotea kama sauti ya mtoto sokoni. Kinachohitajika ni utamu mzito: asali, tende, tini kavu, pea iliyoiva mpaka karibu ya kuharibika. Wafaransa hunywa divai tamu ya Sauternes pamoja na Roquefort, na Waingereza hunywa divai ya Port pamoja na Stilton, jibini yao ya buluu, ambayo huruhusiwa kutengenezwa katika kaunti tatu tu za Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kanuni ni ile ile, na asiyetumia pombe anaweza kuifikia kwa kuichemsha juisi ya zabibu nyekundu mpaka ikawa nzito kama shira, kisha akaidondosha juu ya jibini.

Tende na jibini ya buluu, hasa, ningependa kila mtu aijaribu walau mara moja. Tende hupasuliwa, kokwa hutolewa, na mahali pake huwekwa jibini kiasi cha kokwa hiyo hiyo, si zaidi. Kisha huachwa kwa dakika kumi ili jibini ilainike.

Si kila jibini inataka tunda. Zile zinazooshwa ganda kwa maji ya chumvi au kwa pombe wakati wa kukomaa, kama Munster na Époisses, hukaliwa na bakteria wa jamii ya Brevibacterium, ambao ndugu zao huishi pia kwenye ngozi ya binadamu, na ndiyo maana harufu yake inamkumbusha mtu soksi zilizovaliwa. Utamu wa tunda hauipunguzi harufu hiyo, wakati mwingine huizidisha. Watu wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, huipa Munster viazi vilivyochemshwa na maganda yake pamoja na mbegu za kisibiti, na wako sahihi: jibini ya namna hii imekosa kitu kitulivu cha kuitandika. Waswisi nao huimimina jibini yao ya raclette iliyoyeyuka juu ya viazi, pembeni wakaweka matango madogo na vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki, na hiyo siki ndiyo inayobeba kazi ambayo kwingine ingefanywa na tufaha.

Kuhusu matunda makavu, tofauti yake na mabichi si ya ladha tu bali ni ya uzito. Zabibu mbichi ina maji ya kama asilimia 80. Ikikaushwa hubakiwa na kama asilimia 15, na sukari iliyokuwa imetawanyika hujikusanya. Ndiyo maana ninayemwona akiweka zabibu mbichi mbele ya Gouda, jibini ya Uholanzi, iliyokomaa miaka miwili humshauri abadilishe kwa aprikoti kavu. Gouda huoshwa kwa maji wakati wa kutengenezwa, sukari ya maziwa ikapunguzwa mapema na uchachu ukakosa nafasi ya kukua, kwa hiyo inapozeeka hupata ladha ya sukari iliyounguzwa. Aprikoti kavu huipa uchachu ule iliyounyimwa tangu mwanzo. Lozi, korosho na jozi nazo huleta ule mvunjiko wa menoni. Jozi ina uchungu kidogo kwenye ngozi yake, na uchungu huo huipendeza jibini ya buluu iliyokwisha pakwa asali. Hunifurahisha kwamba katika Kiswahili neno jozi hutaja tunda hilo lenye gamba gumu na pia vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kama kwamba lugha yenyewe ilikaa mezani nasi.

Kazi yote hii hupotea ikiwa jibini italiwa ikiwa baridi. Mafuta yakiwa yameganda hayaachii harufu, na ulimi uliopozwa husikia utamu kwa shida, kwa hiyo jibini ngumu huitoa kwenye jokofu saa moja kabla ya kula, na laini nusu saa. Jibini changa zisizo na ganda hutoka mwisho kabisa. Tunda kwa upande mwingine naliacha lipoe kidogo, kwa sababu ubaridi wa tunda juu ya jibini yenye joto la chumba ni raha ya pekee. Mkate uwe wa kawaida. Nimeona sahani nyingi zikiharibiwa na biskuti zenye vitunguu, mimea na chumvi ya juujuu, ambazo hupiga kelele juu ya mazungumzo ambayo tumekuja kuyasikiliza. Aina tatu za jibini zinatosha kwa mlo mmoja, zikianza na ile pole na kuishia na ile kali, maana ukianza na Roquefort hakuna ricotta itakayosikika baada yake.

Mwezi uliopita niliwaalika tena baadhi ya wageni wale wa asubuhi ya nanasi. Nilikata nanasi vipande vyembamba vya mviringo, nikaviweka juu ya kikaango kikavu chenye moto mkali mpaka pande zote mbili zikapata rangi ya kahawia, ili joto livimalize vimeng'enya na sukari ijikusanye. Kwenye kikaango hicho hicho nikageuza vipande vya Halloumi, jibini ya Kupro ambayo haiyeyuki kwa sababu imekwisha kuchemshwa katika maji ya maziwa yake yenyewe wakati wa kutengenezwa, nayo hupata ganda la dhahabu nje huku ndani ikibaki laini na yenye chumvi. Nikavipanga kimoja juu ya kingine, nikatupia majani ya nanaa. Sahani ilirudi tupu jikoni, na mgeni mmoja alinifuata kuuliza kama kuna nyingine. Usiku, baada ya kuosha vyombo, nilifungua daftari. Ukurasa wa kushoto niliandika: Halloumi, nanasi la kuchoma, nanaa. Ukurasa wa kulia, baada ya kufikiri kidogo, niliandika: ndimu.